Sista Fatna na Swali la Saba

Ukitaka kujua jinsi neno "bure" linavyoweza kumzeesha mtu kabla ya wakati wake, mpe Sista Fatna simu umwambie asome kozi ya bure kwenye mtandao. Kisha ukae kando yake wiki nzima kama nilivyokaa mimi. Ukitoka hapo na nywele zako zote nyeusi, nitakununulia chai.

Nina haki ya kulalamika. Jina langu ni Jentrix, karani wa kadi katika kliniki ndogo iliyo mpakani, pale mtaa wa Kianda unapoishia na wa Gatwekera unapoanza, humu Kibera. Kazi yangu ni kuandika majina ya wagonjwa, kutafuta kadi zilizopotea na kuwaambia watu wapange foleni. Lakini Desemba iliyopita niliacha kadi zikalala, nikawa mwalimu wa kubonyeza simu. Mwanafunzi wangu alikuwa muuguzi wa miaka hamsini na sita, mwenye uzoefu wa miaka thelathini na kichwa kigumu ambacho sijaona cha kulinganisha nacho Kibera nzima.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo, na ndiyo maana iliniudhi. Muuguzi akitaka leseni ya mwaka mpya, sharti aonyeshe kwamba hajaacha kusoma. Anakusanya alama za masomo, semina hapa, mafunzo pale, mpaka zitimie. Sista Fatna alikuwa amezikusanya zote isipokuwa tano. Tano tu! Benard Shiundu, daktari mwenye kliniki, akamtafutia kozi moja mtandaoni, ya bure, yenye alama tano kamili. Video nne na mtihani wa maswali kumi. Ukipata themanini kwa mia unapewa cheti. Ukianguka unarudia, lakini mwisho mara tatu. Baada ya hapo mtihani unafungwa siku thelathini, na leseni ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi.

Shiundu ana kliniki mbili, yetu na nyingine Kawangware, na Kawangware ndiko anakoshinda. Alituambia wazi kwamba bila leseni ya Sista hataifungua Kianda mwaka mpya, kwa sababu jina lililo kwenye leseni ya ukutani kwetu ni la Fatna Abdulmajid na si la mwingine. Sista angerudi kwake Makina akakae. Mimi ningehamia Kawangware na kadi zangu. Wanawake wa Gatwekera sijui wangehamia wapi.

Basi tukaanza. Kozi ilikuwa ya bure, lakini ilitaka barua pepe, na Sista hakuwa nayo. Nikamfungulia. Barua pepe ikataka paswodi yenye herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama. Akaweka. Kesho yake akawa ameisahau, na lawama zikaniangukia mimi. Tukaomba nyingine. Wakatuma namba za siri kwenye laini yake ya zamani, ambayo siku hizi inatumiwa na kaka yake Ilyas, na Ilyas alikuwa msikitini amezima simu. Video ya kwanza ilipofunguka, daktari kwenye kioo akatukaribisha, akabaki hivyo hivyo na mdomo wazi, kile kiduara kinazunguka, mpaka bando likaisha. Bure! Aliyeiita bure hajawahi kununua bando Kibera.

Hilo lote tulilishinda, lazima niseme. Video aliziangalia zote nne, mwanzo hadi mwisho, mchana baada ya foleni kupungua, akisuka tabaga lake. Tabaga ni kile kifuniko cha chakula cha rangi rangi wanachosuka akina mama wa Kinubi. Sista anasema asipoishughulisha mikono atasinzia. Alisikiliza vizuri kuliko mimi kanisani. Mara kwa mara aliisimamisha video akabishana na daktari, au akamsifu, "Hapo umesema." Alipokutana na kipimo kipya cha dawa alikiandika kwa kalamu kwenye kipande cha katoni, akakibandika juu ya kabati ili asikisahau. Kama ni kusoma, mwanamke huyu alisoma.

Mtihani ndio uliotuua.

Swali la pili lilisema hivi: mtoto ameletwa na degedege, sasa imetulia, joto bado liko juu. Utafanya nini? Jibu walilotaka lilijionyesha lenyewe, kwamba alazwe kwenye chumba cha uangalizi saa sita. Sista akavua miwani.

"Chumba gani?"

"Cha uangalizi, Sista. Bonyeza tu."

"Jentrix, hii kliniki iko na chumba cha uangalizi?"

"Haina, lakini..."

"Tuko na benchi. Na benchi imekaliwa."

Akabonyeza jibu la tatu, kwamba mtoto apewe dawa ya joto, mama aonyeshwe dalili za hatari, na wafuatwe nyumbani siku hiyo hiyo. Hilo ndilo analofanya hasa. Nimemwona mimi mwenyewe, kliniki ikishafungwa, akipita na mkoba begani akigonga mabati ya watu.

Swali la tano lilihusu mgonjwa wa kisukari aliyezirai. Eti uwaombe ndugu zake wakupe orodha ya dawa zake iliyochapishwa na hospitali. Sista alicheka mpaka akakohoa. "Imechapishwa! Huyu hata hizo dawa zenyewe anagawana na jirani." Akabonyeza jingine. Alipomaliza yote kumi, simu ikatuambia amepata sabini. Ameanguka. Amekosea wapi, hawasemi. Majibu sahihi hawakuonyeshi mpaka upite, yaani wanakuelekeza njia ukishafika.

Mara ya pili nilimsihi. Nilimwambia mtihani hauulizi yeye hufanya nini, unauliza wenye mtihani wanataka kusikia nini. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. "Nimeulizwa nitamfanyia nini mgonjwa," akasema. "Sasa unataka nidanganye juu ya mgonjwa?" Akapata sitini. Badala ya kupanda, alishuka! Alikuwa ameudhika, na Sista akiudhika ndipo husema ukweli zaidi.

Jumatano nikaenda Kawangware kumwomba Shiundu atafute njia nyingine. Nilimkuta ofisini, vyeti vyake vya mtandao vimetundikwa ukutani ndani ya fremu, kumi na kimoja, vyote vya mwaka huo.

"Sista ameangukaje mtihani ya kuclick?" akaniuliza. "Mimi naweka simu kwa droo, video inajicheza yenyewe, jioni nafanya mtihani. Hata sijui huwa wanaongea nini huko ndani."

"Yeye anasikiliza, Daktari."

"Hapo ndio shida iko. Na si uko na paswodi yake? Mfanyie tu. Nani atajua?"

Kabla sijajibu, dada wa mapokezi akaingiza kichwa akasema kuna mtoto ameletwa anatetemeka na joto. Shiundu akainuka vizuri tu, akafika mlangoni, akasimama. Akatoa simu mfukoni. Unajua alimpigia nani? "Sista, ile dawa ya degedege, ya kilo kumi na mbili ni kiasi gani siku hizi?" Nilisikia sauti ya Sista kutoka Kianda ikisoma kile kipande cha katoni juu ya kabati. Shiundu akashukuru, akaenda kumtibu mtoto, na cheti cha kozi hiyo hiyo kilikuwa kinaning'inia nyuma ya kiti chake. Nilitaka kukitoa ukutani nikipige teke.

Lakini wazo lake lilinikaa, siwezi kukataa. Paswodi nilikuwa nayo, nimeiandika nyuma ya daftari la kadi. Majibu wanayoyataka niliyajua karibu yote. Dakika kumi tu na shida ingekwisha. Niliporudi nikamwambia Sista, kwa sababu yeye siwezi kumficha kitu. Hakufoka. Aliendelea kuhesabu tembe. "Ukinifanyia mtihani," akasema, "mwaka ujao ni wewe utakuwa unadunga watu?" Nikatoka nje, nikaenda nyuma ya tangi la maji nikapiga kelele peke yangu.

Labda nikueleze huyu ni mtu gani, ili hasira yangu uielewe.

Fatna ni binti wa tatu wa Mzee Abdulmajid wa Makina. Babu zake walikuwa wanajeshi walioletwa hapa na Waingereza wakakalishwa porini, na wajukuu wao wakaja kuwa wenye nyumba za kupangisha. Kaka zake walichukua vyumba. Yeye akataka uuguzi, na nyumbani wakamwachia wakidhani atachoka. Alifanya kazi hospitali ya serikali miaka kumi na minane, kisha akaja Kianda kusaidia kwa miezi michache, na miezi hiyo sasa ni miaka kumi na miwili. Kila asubuhi anakuja kwa miguu. Safari ya nusu saa humchukua saa nzima, kwa sababu kila mlango una mtu wa kugombezwa: wewe bandeji nani alikwambia utoe, wewe kidonda umepaka nini, huyu mtoto mbona hajaletwa chanjo. Ukimwuliza njia hakutajii duka wala kanisa. Anakwambia pinda kwa mapacha, pita kwa yule aliyezaliwa akitanguliza miguu, ukifika kwa yule aliyezaliwa siku ya mafuriko, umefika.

Mlango wangu pia umo kwenye ramani hiyo. Miaka tisa iliyopita nilijifungulia chumbani kwangu Gatwekera, asubuhi, mvua za Aprili zikinyesha, na damu ikakataa kukatika. Jirani akamkimbilia Sista. Akaja, akanidunga sindano, akatundika dripu kwenye msumari wa kalenda, akakanda tumbo, na damu bado inakuja. Akapiga simu kuita ambulensi. Wakamuuliza tuko barabara gani. Barabara! Ambulensi ikafika mpaka lami ikasimama huko huko, na dereva akasema gari haliwezi lile tope, tusubiri atafute watu wa machela. Sista akamkatia simu. Nje alikuwapo Khaemba na mkokoteni wake wa maji. Wakashusha mitungi, wakanilaza juu yake, na Sista akapanda akapiga magoti kando yangu, ngumi yake imekandamiza tumbo langu. Hakuiondoa hata mara moja mpaka tulipofika lami. Nakumbuka sauti yake tu, akimgombeza Khaemba kwa kila shimo.

Madaktari waliotupokea walisema ningechelewa kidogo nisingepona. Binti yangu nikampa jina la mama yake Sista, Iman. Mimi ni Mluhya, tena wa kanisa. Mama mkwe wangu kule Kakamega alikataa kulitamka jina hilo mwaka mzima.

Kwa hiyo sikuwa namkasirikia mtu baki. Nilikuwa namkasirikia mtu ambaye ngumi yake ndiyo sababu mimi nipo, na ambaye sasa alikuwa tayari kupoteza kazi yake kwa sababu ya benchi. Nilikasirika hadi nikaanza kuwaandikia wagonjwa majina yasiyo yao. Mzee mmoja aliitwa Magdaline mara mbili kabla hajakataa.

Ijumaa tukabaki na jaribio moja. Asubuhi hiyo Sista alinituma kupeleka chupa za damu maabara upande wa pili, nikapita Nyayo Highrise, ule mtaa wa maghorofa. Chini ya ghorofa moja palikuwa na ambulensi. Imeegeshwa vizuri, kwenye lami, mlango wa nyuma wazi, inamngoja mama mmoja ashuke ngazi na mkoba wake. Dereva anasoma gazeti! Nilisimama nikatazama mpaka mlinzi akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia nimeshampata.

Saa tisa alasiri, foleni ikiwa imekwisha, nilikaa mbele ya Sista nikaweka simu katikati yetu.

"Sista, leo wagonjwa wote wa mtihani wanakaa Nyayo Highrise."

"Nani amesema?"

"Mimi nimesema. Ndio maana walikuwa wanakuangusha. Wewe unawaweka Gatwekera, na hawa si wa Gatwekera. Hawa wako na lami mpaka kwa mlango, na askari kwa geti."

Mikono yake ikasimama kwenye tabaga. "Na chumba cha uangalizi wako nacho?"

"Wako nacho. Na dawa zao zimechapishwa, tena kwa rangi."

Alifikiri kidogo. "Hao basi ni sawa," akasema. "Hata hao ni watu. Wacha tuwatibu."

Sitaki kujisifu, lakini tulikwenda vizuri. Mtoto wa degedege akalazwa chumba cha uangalizi. Aliyeungua akaitiwa daktari bingwa kwa video. "Na stima haipotei?" Sista akauliza. "Haipotei, ni Nyayo," nikamwambia, akabonyeza. Swali la nne tu ndilo lililotushinda, la mashine ya kushtua moyo ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuishika. Akabahatisha. Hilo tukalihesabu limekwenda. Wa kisukari akaletewa orodha yake. La sita likapita.

La saba likafunguka. Mama ametoka kujifungua na damu haikatiki. Ameshapewa sindano na dripu, tumbo limekandwa, na bado damu inatoka. Hatua inayofuata ni ipi? Jibu la kwanza: ita ambulensi, mwache mgonjwa alipo, umwangalie mpaka ifike. Jibu la pili: anza safari mara moja kwa chombo chochote kilicho karibu, ukiendelea kukandamiza tumbo njiani. Mengine mawili nimeyasahau.

"Nyayo, Sista," nikasema haraka. "Ambulensi iko chini ya ghorofa, nimeiona na macho yangu leo. La kwanza."

Hakubonyeza. Alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Akaniangalia mimi, hakuiangalia simu. Kisha akashusha kidole akabonyeza la pili.

"Sista!" Nilipiga kelele hadi mama mmoja aliyekuwa akipita nje akachungulia dirishani kuona nani amekufa. "Sista, hiyo si ile wanataka! La nne umebahatisha, na hili umetupa! Zimebaki tatu, ukikosa moja tu hii kliniki imeenda!"

"Nimesikia."

"Umesikia na umebonyeza?"

"Soma la nane."

Nililisoma la nane. Ningekuwa na nguvu ningemtikisa. Yeye alilijibu ametulia, na la tisa, na la kumi, moja baada ya jingine, kama anavyochanja watoto walio kwenye foleni. Wagonjwa wote watatu aliwaweka Nyayo. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka, nami nikamwomba Mungu kwa maneno yangu na kwa yale machache ya Sista ninayoyajua.

Themanini kwa mia. Hongera, Fatna Abdulmajid, umefaulu.

Sasa kwa kuwa tumefika, wakatuonyesha makosa: la nne na alama nyekundu, la saba na alama nyekundu. Chini ya la saba walieleza kwa maandishi madogo kwamba mgonjwa wa hali hiyo asisafirishwe kwa chombo kisicho cha hospitali.

Ningepaswa kumkumbatia. Lakini hasira ilikuwa bado imenijaa, na maneno yakatoka yenyewe.

"Ulikuwa unajua ile jibu wanataka."

"Nilijua."

"Mara zote tatu."

"Zote."

"Na hizo zingine leo umebonyeza vile wanataka! Chumba hatuna, umebonyeza. Orodha hakuna, umebonyeza. Kwa nini hii moja ikushinde? Ungetuangusha sote, Sista, kwa sababu ya swali moja!"

Alikuwa ameshalichukua tabaga lake, anatafuta mahali alipoachia uzi.

"Jentrix," akasema bila kuinua macho, "wewe ungetaka nibonyeze lipi?"

Nilichukua simu nikatoka, nikatembea mpaka saiba ya Annet, duka lake la kompyuta karibu na shule ya Olympic, ili tuchape cheti kabla hajafunga. Annet akaniuliza kama nataka kwa rangi au nyeusi na nyeupe. Nikamwambia cheti ni cha kumpelekea Shiundu, nyeusi na nyeupe itamtosha. Lakini kuna ukurasa wa pili, ule wa majibu, wenye la saba na alama yake nyekundu. Huo ni wangu, na nautaka kwa rangi.